Ngoma Niliyoiandika Kuwa Zawadi

Kitu cha kwanza kuandikwa kwa mkono wangu katika chuo chetu cha walimu kilikuwa kobe, naye alikuwa hai. Bwana Kamba alimweka juu ya meza, akanipa kalamu, akasema, "Andika." Nikauliza niandike nini. "Andika kilichopo." Nikaandika: kobe mmoja, mzima, miguu minne, kichwa hakionekani. Bwana Kamba akasoma, akavuta kiti, akasubiri. Tukasubiri wote, yeye, mimi na kobe, hata jua likahama kutoka ukingo mmoja wa meza hadi mwingine, ndipo kichwa kikatoka. "Haya, sasa sahihisha," akasema.

Nyinyi mnaoshika funguo za chumba kile leo, nawaandikia haya kwa sababu hamtayakuta katika daftari. Macho yangu yamechoka. Mwaka huu nimefunga uzi wa namba ya shoka kwenye mguu wa meza, nikaondoka nimeridhika kabisa, na hapo nikajua wakati wangu umekwisha. Habari za vyeo vyangu msiniulize, havikuwa vingi na havina hadithi.

Bwana Kamba alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, mwalimu mkuu wetu. Watu walimpa jina hilo kwa sababu mifuko yake ilijaa kamba za katani, na kila alichokiona kimelegea alikifunga. Imani yake ilikuwa moja: mwalimu akienda kufundisha kijijini na kitabu peke yake, atafundisha karatasi. Kwa hiyo kando ya chumba cha vitabu alifungua Chumba cha Vitu. Kulikuwa na tufe la dunia, mnyororo wa kupimia mashamba, kengele za mkono, kioo cha kukuzia, kipimo cha mvua, misumeno, mzinga wa nyuki, na visanduku vya udongo wa kila rangi ya nchi yetu. Mwanafunzi wetu, au mwalimu aliyekwisha kwenda shule za vijijini, aliweza kuazima chochote, hata yule kobe, kama anavyoazima kitabu.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja dogo. Saa za mchana upepo ulipotulia, vumbi lilielea katika mwanga, likapanda na kushuka bila haraka, na vitu vyote vikawa kimya juu ya rafu. Nilikuwa nikikaa pale na kalamu mkononi nisiandike neno. Mara nyingine niliona kama vile vitu vimelala usingizi na mimi ndiye ninayeotwa. Msicheke. Kaeni pale mwezi wa nane, baada ya chakula, kisha mniambie.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Bwana Hamisi, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa karani wa kwanza wa chumba. Zamani alihesabu mizigo ya misafara, na mikono yake ilijua uzito wa kila kitu. "Kitabu kinakuja na jina lake usoni," aliniambia. "Kitu hakina uso. Usikiite chochote kabla hujakishika." Alinifumbisha macho, akaniwekea kitu mapajani, akaenda zake kuswali. Aliporudi ndipo aliuliza, na kama nilijibu haraka alinuna. "Wewe kijana, mbona unakikimbia?" Siku moja nilikaa na mvukuto wa mhunzi kwa muda mrefu hata nikasikia harufu ya moto uliozimika miaka mingi. Hiyo haikuingia katika kadi, lakini jina na vipimo vyake vilitoka sawasawa.

Alinifundisha pia kuhesabu vipande. Andikeni vipande! Mvukuto ule uliazimwa Kongwa ukarudi bila mdomo, nasi hatukuwa na neno la kusema kwa sababu kadi ilisema "mvukuto" tu. Na lebo zifungwe kwa uzi, zisigundishwe. Najua miongoni mwenu yuko anayependa gundi. Mchwa nao wanaipenda. Watakula gundi, watakula karatasi, watakuachia kitu kisicho na baba wala mama.

Kipimo cha mvua nacho kilitupa shida. Kiliazimwa na mwalimu mmoja mwaminifu sana, ambaye kila asubuhi alikitazama na kuandika. Katikati ya kiangazi, wakati hata kunguru wanatafuta kivuli, akatuletea habari ya mvua ya vidole viwili kila siku. Bwana Kamba hakulala vizuri juma zima. Alifungua vitabu, akachora mistari ya pepo. Nikatumwa kwenda kuangalia. Kumbe mke wa mwalimu alikuwa akikitumia kupimia maziwa ya ndama, kisha anakisuuza na kukiacha na maji ili kisinuke. Alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa, akanipimia kwa kipimo kile kile.

Lakini jambo lililomsumbua Bwana Kamba kuliko yote ni kwamba vitu havikurudi. Vilitoka, vikakaa. Alitaka kuandika barua kali. Nilimwomba anisikilize kwanza, maana mimi ni Mgogo, mtoto wa wafugaji, na niliona anakotaka kukosea. Kwetu mtu humkabidhi rafiki yake ng'ombe akae naye. Rafiki anachunga, anakamua, anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Anaweza kukaa hivyo miaka kumi. Sasa ukimrudisha bila kuitwa, umesema nini? Umesema urafiki wetu basi. Watu waliokaa na kengele zetu hawakuwa wezi. Walikuwa wanatuheshimu.

"Sasa tufanye nini?" akauliza.

"Twende tukawaamkie, Bwana."

Basi ndivyo tulivyofanya, na kila kiangazi nilitembea tembe kwa tembe, Nkuhungu, Nzuguni, hadi mbali. Unafika, unakaa, unakula ugali wa uwele na mlenda, unauliza habari za mifugo na za wazee. Umeshasimama kuaga ndipo unasema, "Na ile kengele yetu, haijambo?" Unajibiwa, "Haijambo." Hakuna zaidi. Baada ya juma moja kengele inafika chuoni, imefutwa vumbi, mara nyingine na kibuyu cha asali juu yake. Nilizipenda safari hizo. Nchi yetu ni tambarare na njia zake ni nyeupe, na ukitembea peke yako mchana mawazo yanakutangulia, unayaona kule mbele yakikungoja.

Katika safari moja niliuliza habari za kengele iliyokaa Nzuguni miaka mitatu kwa Mama Ndahani. Mwanawe Ndahani alisoma kwetu, akawa mwalimu wa pale. Mama mwenyewe alikuwa kiongozi wa wanawake wanaopiga ngoma, maana kwetu ngoma zile ni za wanawake. Wanazishika katikati ya magoti, na kwa ngoma hizo wanawacheza wali, yaani wasichana wanaovunja ungo. Juma lililofuata alikuja mwenyewe. Kengele aliishika mkononi. Kichwani alibeba kitu kilichofungwa katika nguo.

"Mbukwenyi, mama," nikamwamkia.

"Mbukwa, mwanangu. Kengele yenu hii hapa. Imekaa vizuri, haijaugua." Kisha akatua mzigo, akaufungua. Ilikuwa ngoma nyeusi, ya zamani, kiuno chembamba, ngozi yake imeng'aa kwa viganja vya watu wengi. "Wenu alikaa kwangu. Sasa wangu naye aje akae kwenu."

Aliisema kama mtu anayesema ng'ombe, na kweli alikuwa ng'ombe. Ngozi ile ilitoka kwa ng'ombe wa mahari ya bibi yake. Ng'ombe huyo alipokufa, bibi alikataa ngozi yake ilaliwe. Akasema ng'ombe wake ataendelea kusema. "Mwaka wa mavuno mema nitakuja kumchukua tuwacheze wali wetu," Mama Ndahani akaniambia, "kisha atarudi hapa. Mumtunze."

Akakaa chini, akaishika ngoma magotini, akaipiga ili tujue anavyosema. Ilitoka sauti nzito, ya chini, yenye unyevu ndani yake, sauti ya mama anayeita watoto bila kukasirika. Tufe la dunia lilitetemeka juu ya mguu wake. Bwana Hamisi alisimama mlangoni na viatu mkononi, akasahau kuvivaa.

Alipoondoka nikachukua kadi. Namba sitini na moja. Ngoma, mti mweusi, ngozi ya ng'ombe, vijiti vya kukazia kumi na vinne, niliandika vipande. Nikafika pale palipoulizwa kitu kimepatikanaje. Bwana Kamba aliruhusu maneno mawili tu: kimenunuliwa, au zawadi. Nikakwama.

"Acha pakae wazi," akasema Bwana Hamisi. "Wallahi, pakae wazi. Si kimoja wala si kingine."

Nikaacha wazi siku mbili. Siku ya tatu Bwana Kamba akaja, akaiona ngoma. Akaigusa kwa kidole kimoja, ikajibu kidogo, naye machozi yakamlengalenga. Kwa miaka yote ile hakuna mtu wa Ugogo aliyewahi kutuletea kitu cha kwake kikae rafuni. Tulitoa sisi, wao wakapokea. "Ametupa?" akaniuliza.

Nikainamisha kichwa. Alipokwenda nikaandika: zawadi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikulazimishwa. Nilijua desturi kuliko mtu yeyote katika chumba kile, mimi niliyejifanya mwalimu wa Bwana Kamba. Niliona furaha usoni mwa yule mtu nikataka ikae, basi. Bwana Hamisi aliona kadi, akaniangalia, akairudisha mahali pake. Mwaka ule ule alirudi kwao Kondoa kupumzika, nikabaki peke yangu na ngoma.

Mvua zikakataa miaka miwili. Hakukuwa na mavuno, hakukuwa na ngoma ya wali, na Mama Ndahani hakuja. Ngoma ilikaa juu ya rafu karibu na dirisha. Mlango ukifungwa kwa nguvu ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayegeuka usingizini, nami nikazoea kuufunga mlango polepole.

Kisha reli ikafika Dodoma, na barua zilizokuwa zikitembea miezi zikaanza kutembea siku. Moja ilitoka Ulaya, kutoka nyumba ya kuwekea vitu vya nchi za mbali. Waliomba vitu kumi vya Ugogo. Bwana Kamba aliona ni heshima kubwa kwa chuo. Vilivyonunuliwa hakuvigusa, vilikuwa vya kufundishia. Alichagua katika zawadi, na zawadi zenyewe, pamoja na zile tisa zilizoletwa baada ya ngoma, zilikuwa kumi tu. Akaandika orodha, akaituma kwa treni. Mimi ndiye niliyeinakili kwa hati yangu nzuri, nikijiambia labda mwaka huu pia mvua itakataa.

Mvua haikukataa. Uwele ulijaa hata maghala yakakosa nafasi. Miezi sita baada ya orodha kwenda, vitu vikiwa vinafungwa kwa safari, Mama Ndahani akatokea mlangoni, amepaka mafuta, amevaa shanga zake zote.

"Mwanangu, mavuno mmeyaona? Nina wajukuu wawili, wali. Mwezi ukiandama tunawacheza. Nimekuja kumchukua."

Ngoma ilikuwa mezani nyuma yangu, imekwisha kuzungushiwa majani makavu na kamba. Nikamwomba akae, nikaingia kwa Bwana Kamba, nikasimama.

"Bwana, ile namba sitini na moja si zawadi. Mwenyewe amekuja."

"Uliniambia ametupa."

"Niliinamisha kichwa, Bwana. Kisha nikaandika. Nilijua si kweli."

"Kwa nini?"

"Ulifurahi."

Alitoa kamba mfukoni, akaifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Orodha imekwisha kwenda," akasema mwishowe. "Na nakala ya daftari letu iko bomani. Nikiandika kwamba karani wangu ameingiza uongo katika daftari, watakuita bomani. Unajua kuna nini bomani."

Nilijua. Kila mtu alijua kiboko cha bomani. Niliogopa, siwafichi.

"Treni ya mizigo inaondoka siku ya nane," akasema. "Chumba hiki kinaazimisha vitu. Mwazime siku saba. Siku ya nane nataka namba sitini na moja juu ya meza hii, au nataka ushahidi mkononi kwamba haipo tena duniani. Siwezi zaidi ya hapo."

Nikaibeba ngoma mwenyewe hadi Nzuguni, kichwani, Mama Ndahani mbele. Nikamwambia yote njiani nikiutazama mgongo wake. Hakusimama, hakupunguza mwendo.

"Kwa hiyo Mdachi anasema ng'ombe ni wake."

"Ndiyo, mama."

"Asipompata watakupiga wewe."

"Ndiyo, mama."

"Umenikosea, Chidawali."

"Nimekukosea, mama." Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, na kwa kuwa mikono yote miwili ilishika ngoma sikuweza hata kujifuta.

Siku ya sita akaniita. Mwezi ulikuwa bado haujaandama, pombe ya wali ilikuwa bado changa mitungini. Nilimkuta uani, ngoma magotini, haipigi.

"Ng'ombe wa kukaa naye akifa," akaniuliza, "mwenyewe anapelekewa nini?"

"Ngozi, mama. Ajue hakuliwa wala hakuuzwa."

"Basi. Huyo Mdachi wenu si anasema ni mwenyewe?"

Nilielewa, nikasema, "Hapana, mama, tafadhali, bora nipigwe." Akaniambia ninyamaze. Alichomoa vijiti kimoja kimoja, vyote kumi na vinne, kwa kisu kidogo, hakukubali nimsaidie. Kila kijiti alikiweka kwenye upande wa nguo yake. Ngozi ilipoachia ilitoa pumzi ya vumbi la kale, na mti ukabaki mdomo wazi. Aliongea na ngozi ile kwa Kigogo, maneno machache ambayo si yangu kuyaandika. Kisha akanipa bila kunitazama.

Siku ya nane nikaiweka juu ya meza ya Bwana Kamba. "Namba sitini na moja amekufa, Bwana. Kwetu akifa tunaleta ngozi."

Aliigusa kwa kidole kile kile. Haikujibu. Alinitazama sana, nami sikuinamisha kichwa. Kisha akatoa futi, akapima urefu na upana, akaandika mwenyewe katika daftari: ngoma imekufa, ngozi imepokelewa, kipande kimoja. Akaikunja taratibu, akaifunga kwa kamba yake mwenyewe, ikaingia sandukuni pamoja na vile vitu tisa. Aliporudi kutoka stesheni alichukua kadi tupu, akaniambia, "Taja neno la tatu." Nikalitaja. Ndipo lilipotoka lile neno mnalolikuta leo kwenye kadi zetu, "kimekaa kwetu", ambalo baadhi yenu mnaona halina maana. Litumieni.

Mwezi ulipoandama nikaenda Nzuguni. Mwanamume hasogei karibu na ngoma ya wali, kwa hiyo nilisimama mbali, kwenye mabua ya uwele, mchana kweupe. Wanawake wakaanza kuimba, halafu ngoma ikaingia. Walikuwa wameiwamba ngozi mpya, ya ndama dume. Ilitoa sauti kavu, nyepesi, ya juu. Haikuwa mbaya. Wasichana wale wawili walikuwa wakicheka, wamepakwa mafuta, wanang'aa, na vigelegele vilipanda hadi nilipokuwa.

Baadaye Mama Ndahani akatoka, akanijia taratibu kupita katika mabua, jasho linamtiririka. Akasimama kando yangu, tukaisikiliza ngoma ikipigwa na mkono wa mwingine.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Wajukuu zangu watazeeka," akasema, "wakidhani hiyo ndiyo sauti ya bibi yangu."

Akanifuta vumbi begani kwa kiganja chake, akarudi kwa wanawake wenzake.